Umefunga?

Lehemu alipanda ngazi za ghorofa nane akiwa amekumbatia kontena la plastiki la kuwekea chakula, na ndani ya kontena hilo hamkuwa na chakula. Kila alipofika kwenye kona ya ngazi alisimama, akainua kifuniko kidogo, akachungulia, akakirudisha. Aliyemwona angedhani amebeba kifaranga.

Alichobeba kilikuwa kompyuta ya lifti. Na niseme mapema ili tusisumbuane: Lehemu alikuwa anaogopa. Alianza kuogopa siku mbili kabla, akalala na woga huo, akaamka nao, akanywa nao chai.

Jina hilo la Lehemu alilipata akiwa na miaka tisa, siku aliyoshika chuma cha kulehemu mezani kwa baba yake akidhani ni kalamu. Kovu lipo kiganjani hadi leo, na jina nalo likaganda. Sasa alikuwa na miaka thelathini na moja na duka lake mwenyewe la kutengeneza simu, redio, televisheni na kila chenye bodi ndani yake. Dukani hakuwa mwoga hata kidogo. Angeweza kuingiza mkono ndani ya televisheni iliyo wazi huku akibishana na mteja kuhusu mpira. Lakini simu ukiiunguza unamwomba mwenyewe radhi, yanaisha. Lifti inabeba watu, na kwa sababu hiyo, kwa miaka yote, kila baba yake alipomwomba wafanye kazi pamoja, Lehemu alipata udhuru.

Baba yake alikuwa fundi wa lifti, na mji mzima ulimwita Mzee Kamba kwa ajili ya zile kamba nene za chuma zinazoning'iniza lifti. Miaka thelathini na mitano alikuwa anazipaka grisi, anazikagua, anazisikiliza. Angeweza kusimama nje ya mlango na kukwambia breki imechoka. Ila tangu mwenye jengo hili abadilishe mitambo, ubongo wa lifti ukawa moduli moja yenye ukubwa wa kadi ya benki, imekaa juu ya bodi kubwa zaidi ya kuibeba, na mbele ya kitu hicho Mzee Kamba alikuwa mtoto mchanga. Alikiita kidude, kwa dharau ya mtu aliyeshindwa.

Wiki mbili nyuma umeme ulikatika ukarudi kwa hasira, na bodi ya kubebea ikaungua. Moduli yenyewe ilipona. Moduli ndiyo inayofikiri, ila bila bodi haina macho wala mikono, kwa sababu nyaya zote za vitufe, za milango na za mota huingilia kwenye bodi. Ikapatikana bodi mpya. Safari hii Mzee Kamba hakuomba, alifika tu dukani kwa binti yake, akaviweka vyote viwili mezani, akasema lifti ile ni ya kwake, na kama itaguswa na mtu mwingine afadhali aguse mtu wa damu yake. Udhuru ukamwishia Lehemu.

Kwa siku nne aliifanyia kazi pale dukani. Kwanza aliweka kidaraja kidogo kwenye pini mbili za bodi, cha kuizuia moduli isiamke, akaiunganisha na laptopu, akahakikisha programu yote imo ndani, akaiwekea nakala. Kisha akatoa kidaraja, akaiamsha. Hapo akakutana na tatizo. Lifti yoyote ina mstari wa usalama, waya mmoja unaopita kwenye kila mlango na kila kitufe chekundu cha kusimamishia. Mlango mmoja ukiwa wazi, au kitufe kimoja kikibonyezwa, mstari unakatika na mota haipati kitu. Mezani kwa Lehemu hapakuwa na milango wala vitufe, kwa hiyo kompyuta iliona kila kitu kiko wazi na ikagoma. Akaidanganya. Alichukua kipande cha waya mwekundu, urefu wa kidole, akaziunganisha skrubu mbili za mstari huo, na kompyuta ikaamini kwamba milango yote duniani imefungwa. Ili asije akausahau, aliuvisha utepe wa karatasi akaandika kwa kalamu ya wino: NITOE. Aliandika huku anacheka peke yake.

Kule chini, asubuhi hiyo, kabla hajapanda ngazi, yeye na baba yake walipokelewa na Bi Funguo, mwangalizi wa jengo, mama mnene mchangamfu ambaye, kwa mlio wa funguo zake, ukimsikia anatembea ungedhani ni gari la sahani. Lehemu alimwamkia, naye akaitikia marahaba, akaanza kulia shida zake papo hapo. Kuna daktari wa meno ghorofa ya saba, alisema, na wagonjwa wake wanapanda ngazi na mashavu yamevimba, wakifika juu jino lenyewe limeacha kuuma kwa uchovu, wanageuza wanarudi nyumbani, na daktari anamlaumu yeye.

Kibanda cha lifti kilikuwa kimekwama ghorofa ya tano. Mzee Kamba aliufungua mlango wa chini kwa ufunguo wake maalumu, akaweka kiti mbele yake ili mtu asitumbukie, akateremsha ngazi ya alumini shimoni. Lilikuwa shimo la zamani, fupi, la kumfika mtu kiunoni, na jinsi lilivyokuwa fupi Lehemu hakulipenda. Baba yake alikuwa na goti bovu. Kupanda ghorofa nane hakuweza, ndiyo maana juu angekwenda binti. Lakini shimoni alisisitiza ataingia mwenyewe, akasafishe, akazikague springi za chini na kile kitufe chekundu kilichomo humo.

Wakapanga. Chumba cha mashine, kule juu kabisa, hakishiki simu, zege tupu na chuma, kwa hiyo wangeitana kupitia tundu zinazopitishia kamba. Sauti ingeshuka ghorofa nane na kupanda ghorofa nane.

"Maneno marefu yatakufa njiani," Mzee Kamba alimwambia. "Tuseme mafupi. Na usiwashe mpaka nikuite."

Lehemu akaitikia. Alitaka kumwambia asiingie shimoni kabisa, aache vumbi likae na springi zikae, ila hakusema, kwa sababu mwenzake alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionyesha tangu mama wa Lehemu afariki, miaka miwili sasa. Alikuwa amevaa ovaroli iliyopigwa pasi. Nani anapiga pasi ovaroli ya kuingia nayo shimoni?

Chumba cha mashine kilikuwa kidogo na cha moto. Katikati ilikaa mota, nene, imejaa grisi, na kamba zikiizunguka na kushuka kwenye tundu sakafuni. Upande mmoja lilikuwa kabati la umeme. Upande wa pili, nyuma ya mota, swichi kuu yenye mpini mrefu mweusi. Lehemu aliushusha mpini, akapima kwa mita mara mbili, kisha mara ya tatu kwa ajili ya moyo wake. Ndipo akafungua kabati.

Bodi ya zamani ilinuka kuungua. Akaing'oa, akafunga mpya kwa skrubu zake nne, akahamisha waya mmoja mmoja kutoka kule kuja huku, akisoma namba kwa sauti. Kutoka chini, kupitia tundu, alisikia brashi ya chuma ikikwangua sakafu ya shimo. Kwaru, kwaru. Kila aliposikia sauti hiyo alijua baba yake yupo na ni mzima, na mikono ikatulia.

Kisha ikanyamaza.

Alisubiri kidogo. Kimya. Akajiambia mzee amemaliza, ametoka, yuko kwenye kiti anasimuliwa na Bi Funguo habari za meno. Wazo hilo lilimpa nafuu kubwa, akalishika kwa mikono miwili bila kuliuliza lolote. Ukweli ni kwamba tochi ilikuwa imezimika na Mzee Kamba ametoka kuomba betri.

Ikabaki moduli. Hicho ndicho kipande alichokiogopa kuliko vyote, kwa sababu upande wa chini ina soketi mbili zenye pini mia mia, nyembamba kama unywele, na ukiikandamiza kwa pembe unazipinda, na moduli nyingine ya lifti hiyo haikuwepo. Akaishika kwa kingo. Akailinganisha. Kijasho chembamba kilimtoka, kikateremka hadi nchani mwa pua, akakifuta begani kisije kikadondokea kwenye bodi. Akakandamiza upande mmoja kwa kidole gumba, ikalia tak. Upande wa pili, tak. Imekaa. Sasa akachukua bisibisi ndogo autoe ule waya mwekundu, na ncha ya bisibisi ilikuwa imeshagusa skrubu pale sauti ya baba yake ilipopanda kupitia tundu, imetanuka, imepasuka kingo.

"Umefungaaa?"

Lehemu akaitazama moduli ilivyokaa vizuri, imenyooka.

"Nimefungaaa!" akajibu kwa fahari yote.

"Haya!"

Haya. Kwake neno hilo lilikuwa ndio mwito wenyewe waliokubaliana: mzee yuko nje, anasubiri, anasema twende. Akaiweka bisibisi chini, na pamoja nayo akaliweka chini wazo zima la waya mwekundu. Akazunguka nyuma ya mota, akaushika mpini mweusi kwa mikono miwili, akapiga moyo konde, akaupandisha.

Haikulipuka. Hilo la kwanza. Taa nyekundu ya bodi ikawaka, kisha kijani cha moduli kikaanza kukonyeza, haraka haraka, polepole, haraka tena. Kwenye kioo kidogo cha kabati yakaanza kupita maandishi. Lehemu alisimama mbele yake amefumbata mikono kifuani kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Sekunde ishirini. Thelathini. Maandishi yakasimama, ukabaki mstari mmoja alioujua tangu dukani: NATAFUTA CHINI. Programu ikiamka haijui kibanda kiko wapi, kwa hiyo hukiteremsha taratibu mpaka kiguse swichi ya mwisho kabisa, ndipo inajijua. Rilei, zile swichi za kuipa mota umeme, zikalia, breki ikafunguka, mota ikaunguruma, na zile kamba nene zikaanza kutembea.

Lehemu alicheka kwa sauti. Alicheza hatua mbili tatu pale kwenye zege, binti mzima, fundi mwenye duka. Akakusanya skrubu zilizobaki, akaiweka bodi iliyoungua kwenye kontena, akajifuta uso. Akaangalia kamba zikienda, akatamani mama yake angekuwepo aambiwe. Karibu dakika nzima ilipita katika furaha hiyo, nami ningependa kuirefusha, ila haikuwa na urefu zaidi. Akapiga magoti kwenye tundu ampigie baba yake kelele za ushindi.

Kule chini kulikuwa na nyundo. Tok, tok, tok, chuma juu ya chuma.

Alisikiliza kama mpumbavu. Nani anapiga nyundo? Nyundo ikasita. Kisha ikaja sauti, na hakuwahi kumsikia baba yake akitoa sauti ya namna ile, hata msibani.

"Funga! Mama, funga! Fungaaa!"

Baba yake alimwita mama tangu alipozaliwa, kwa sababu alirithi jina la bibi yake. Na jambo ambalo Lehemu hakuja kumwambia mtu kwa muda mrefu ni kwamba, kwa kufumba na kufumbua, alichofikiri kilikuwa: lakini nimeshafunga.

Halafu akaelewa. Kwake yeye, mtu wa dukani, kufunga ni kukiweka kitu mahali pake na kukikaza: unafunga kioo cha simu, unafunga bodi, unafunga moduli. Kwa baba yake kufunga ni kukata: funga maji, funga mashine, funga umeme kabla hujaingia. Walikula meza moja miaka yote na neno hilo likipita katikati yao na chumvi, na hakuna aliyegundua kwamba kila mmoja ana la kwake. Alikuwa ameulizwa kama umeme umekatwa ili mzee arudi shimoni, yeye akajibu ndiyo, kisha akauwasha juu ya kichwa cha baba yake.

Alirukia kabati, akakipiga kitufe chekundu cha kusimamishia kilichokuwa humo kwa kiganja. Mota iliendelea. Akakipiga tena, akakikandamiza kwa uzito wote wa mwili, na mota ikaendelea kunguruma bila haraka, na chini ya mkono wake, kwenye zile skrubu mbili, akauona utepe wa karatasi wenye mwandiko wake mwenyewe. NITOE.

Basi na kitufe cha shimoni hakifanyi kazi. Na mlango ulio wazi kule chini hausaidii kitu. Vyote alikuwa ameviua kwa waya wa urefu wa kidole.

Kutoka kabatini hadi kwenye swichi kuu ni hatua nne. Aliteleza kwenye grisi, akagonga goti kwenye kitako cha mota, akatambaa hatua ya mwisho, akaning'inia kwenye mpini mpaka ukashuka. Breki ikabana kwa kishindo kilichotikisa sakafu. Kamba zikasimama.

"Baba!"

Akaenda tundu kwa magoti. "Baba! Baba!" Sauti yake mwenyewe ikashuka, ikamrudia. Hakuna nyundo, hakuna brashi. Kwenye zile kamba kulikuwa na alama za rangi nyeupe, baba yake ndiye aliyezipaka zamani, zikionyesha kibanda kiko usawa wa ghorofa gani. Lehemu hakutaka kuzitazama, akazitazama. Alama ya chini kabisa ilikuwa imebakiza dhiraa moja na nusu kufika. Maana yake kibanda kiko karibu kabisa na sakafu ya chini, na chini ya sakafu ya chini ni shimo fupi la kufika kiunoni.

Hakumbuki ngazi. Anakumbuka tu kwamba ghorofa ya sita alikutana na bwana mmoja aliyeshika shavu, akampita kwa kumkumba, na kwamba alikuwa anasema neno moja tu, Mungu wangu, Mungu wangu, kila kidato. Aliwaza jambo moja la ajabu, kwamba ile ovaroli aliipiga pasi nani, na kwamba ni mzee mwenyewe, peke yake, jana jioni, kwenye meza ya jikoni, kwa ajili ya kwenda kazini na mwanawe.

Chini, Bi Funguo alikuwa amesimama mbele ya mlango wa lifti mikono kichwani, na kwa mara ya kwanza funguo zake hazikulia. Kiti kilikuwa kimeanguka. Kitako cha kibanda kilining'inia mlangoni, cheusi, na chini yake ulibaki upenyo ambao mtoto angeupita akiinama. Ngazi ya alumini ilichomoza humo imekunjika katikati, mguu mmoja umetazama juu.

Lehemu akalala kifudifudi kwenye sakafu, akawasha taa ya simu, akaingiza mkono.

Aliona kiatu kwanza. Kisha goti, limekunjwa. Kisha baba yake mzima, ameketi kwenye kona ya shimo na kichwa kimeinama hadi magotini, ameegemea ukuta. Mkono mmoja ulikuwa umenyooka ukutani, na kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe chekundu. Alikuwa anakibonyeza. Lifti ilishasimama, na bado alikuwa anakibonyeza, kidole kimekuwa cheupe.

"Baba."

Hakugeuza kichwa. Sauti ilimtoka nyembamba, kavu.

"Umefunga?"

Lehemu akafungua mdomo. Jibu lile lile lilikuwepo, limekaa tayari ulimini, na alijua kwamba hataweza kulitamka tena maishani mwake.

"Nimezima, Baba," akasema. "Nimezima. Nimeushusha mpini wa swichi kuu. Umeme hakuna."

"Umezima."

"Nimezima."

Kidole kikaachia kitufe, taratibu, kana kwamba hakikuwa chake.

"Basi nitoe, mama," Mzee Kamba alisema.

Lehemu na Bi Funguo walimtoa, mmoja kwapa hili na mmoja lile, kwa kumburuta kwenye upenyo. Hakuwa na jeraha zaidi ya mkwaruzo kwenye fuvu, pale chuma kilipomgusa na kumlazimisha kuketi. Walimkalisha kwenye kiti. Bi Funguo akaleta maji, mzee akanywa. Lehemu aliketi sakafuni mbele yake, kashika mguu wa ovaroli yake, na alilia bila kujificha. Alimweleza yote: waya mwekundu, utepe, bisibisi aliyoiweka chini. Hakujitetea.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Alisema alikuwa anagonga springi, hakusikia mota, na kile kitufe alikibonyeza mapema sana, kibanda kikiwa bado juu, kwa kuwa goti lilimkatalia kupanda ngazi, na kilipokataa alidhani vidole vyake ndivyo vimekufa. Akaangalia ngazi iliyokunjika.

"Nilikuuliza umeme," alisema, "ukanijibu kidude."

"Nilidhani unaulizia moduli, Baba."

"Najua ulichodhani. Na hilo neno ulilipata kwangu, mimi ndiye niliyekufundisha kuongea."

Lehemu akasema hataigusa tena. Atamtafuta fundi mwingine, wa nje, yeyote, na yeye atarudi kwenye simu zake ambako kitu kikiharibika kinaharibika peke yake. Alisema akimaanisha. Bi Funguo, ingawa daktari wa meno alimsubiri ghorofa ya saba, aliunga mkono bila kusita.

Mzee Kamba hakubishana. Aliinuka kwenye kiti, akajaribu goti, akaenda mpaka penye ngazi za jengo, akashika reli. Akapanda kidato kimoja. Akapanda cha pili. Binti akamuuliza anakwenda wapi, naye akajibu bila kugeuka kwamba anakwenda juu.

Iliwachukua nusu saa na zaidi. Kila ghorofa alipumzika, ameshika goti, anahema, na Lehemu nyuma yake mikono imetanda kama anafukuza kuku, tayari kumdaka. Yule bwana wa shavu aliwapisha ghorofa ya sita, akawatazama mtu na mwanawe waliojaa grisi na machozi, akaona bora asiulize.

Chumbani, mzee alikwenda moja kwa moja nyuma ya mota. Mpini ulikuwa chini, pale ulipoachwa. Akaweka mkono juu yake, akaketi kwenye ndoo, akamwambia binti afanye kazi yake.

Lehemu akautoa waya mwekundu. Aliupeleka kwa baba yake, akautia kiganjani mwake pamoja na utepe, naye akausoma, akautia mfukoni. Lehemu akapima mstari wa usalama kwa mita, akaona umekatika, maana kule chini mlango bado ulikuwa wazi, yaani sasa kompyuta ingeambiwa ukweli. Akapaza sauti kwenye tundu, Bi Funguo akaitoa ngazi iliyokunjika, akaufunga mlango, na mita ikaonyesha umeungana. Akapaza tena, ukafunguliwa, ukakatika. Akamfanya yule mama afungue na kufunga mara tano, mpaka matusi madogo madogo yakaanza kupanda kupitia tundu. Mwisho mlango ukafungwa, na Bi Funguo akaambiwa avute kiti na akae mbele yake asiondoke hata akiitwa na nani.

"Shimoni kuna nani?" Mzee Kamba akauliza.

"Hakuna mtu."

"Umejuaje?"

"Uko hapa, Baba."

"Haya. Mkono ni wangu, neno ni lako. Sema."

Lehemu akaliacha kabati, akaja kusimama mbele yake. Neno lilikuwa moja na fupi, alilisema kila siku ya Mungu kwa taa, kwa jiko, kwa redio, na sasa halikutoka. Alimtazama baba yake. Akayahesabu mapaja yale, magoti, viatu viwili vilivyojaa vumbi, mkwaruzo kichwani, mkono kwenye mpini, akamaliza akaanza upya. Mzee alisubiri. Hakumharakisha.

"Washa," akasema mwishowe, kwa sauti ambayo haingefika hata ghorofa ya saba.

Mzee Kamba hakuusogeza mpini.

"Washa nini?"

"Washa umeme, Baba."

Kwa mkono wa kushoto akaishika nguo ya binti yake begani, akamvuta karibu naye mpaka akamgusa, na kwa mkono wa kulia akaupandisha mpini.